Droni si helikopta ndogo

Makala moja niliyosoma inadai polisi wa Marekani hawahitaji kibali cha mahakama kurusha droni, kwa kuwa helikopta zao zimepita juu ya nyumba za watu miaka yote. Hoja hiyo imetoka kwenye kesi ya Florida dhidi ya Riley (1989), ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali askari kuchungulia banda la mimea kutoka helikopta iliyokuwa futi 400 juu. Lakini mahakama ilitaja pia kwamba hakuna mambo ya ndani ya maisha ya mwenye nyumba yaliyoonekana. Kamera ya droni yenye lenzi ya kuvuta karibu haitoi uhakika huo. Ikifungwa kamera ya joto, basi kuna kesi ya Kyllo (2001) ya mahakama hiyo hiyo: kupima joto la nyumba kwa kifaa hicho bila kibali ni upekuzi haramu.

Hatari kubwa zaidi, kwangu, ni kuhifadhi picha. Polisi wa jiji la Baltimore, Marekani, walitumia ndege kupiga picha za jiji, na mtu alionekana kama nukta moja tu, ila picha zilikaa siku 45. Ukiifuata nukta hiyo hadi inapolala, umeshamjua mtu. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema mpango ule ulivunja Katiba.

Droni ikitumwa kumtafuta mtoto aliyepotea, njiani inarekodi nyua zote. Sheria iseme picha hizo zifutwe lini, na kila safari iandikwe: nani aliagiza, kwa nini, kamera gani iliwashwa. Jimbo la Florida, kwa sheria yake ya 2013 ya kuzuia polisi kutumia droni ovyo, ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria hiyo haupokelewi mahakamani. Bila kipengele hicho, katazo halina meno.