Nilivyomvua Mama Mkwe

Kabla hamjaniitia wazee wa ukoo, nisomeni vizuri. Kuvua ninakokusema ni kule kwa wavu, kama anavyovuliwa sangara. Nguo zake zote zilibaki mwilini, ukitoa kilemba, na habari za kilemba nitazifikia.

Chanzo ni maua. Tunakaa Kitangiri, upande wa mlimani, mahali ambapo hata ukitaka kuchimba shimo la taka lazima kwanza uelewane na jiwe. Wageni wakija Mwanza wanapiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani, wanafurahi, wanaondoka. Hawajui kwamba ndugu zake jiwe hilo wote wamelala chini ya bustani yangu. Bustani yenyewe ni kipande tu mbele ya nyumba, hatua kumi kwa nne, kati ya kibaraza na njia ya kuingilia. Mama Kulwa aliponiambia mama yake anakuja kutoka Sengerema kukaa wiki nzima, mara yake ya kwanza tangu tuhamie hapa, nikaapa kipande kile kitachanua hadi majirani wakome.

Nikaenda kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara.

"Nataka maua marefu."

"Marefu kiasi gani, mzee?"

"Mtu aliye kwenye daladala ayaone."

Akanipa kana, na dalia zile za vichwa kama sahani. Akanipa na maelekezo, ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu sikuyafuata hata moja. Warefu wakae nyuma, wafupi mbele. Dalia ichomekewe mti wake wa kuegemea siku ileile ya kupanda, maana ukisubiri ikue utakuja kutoboa viazi vyake ardhini. Na usiilishe mbolea ovyo. Nikamwambia asante fundi, nikarudi nyumbani, nikapanda dalia mbele kabisa, ukingoni mwa njia, ili mama mkwe akutane nazo kabla hajakutana na mimi. Nyuma yake nikapanda vinka, ambazo zikijitahidi sana zinafika magotini. Tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyeziona vinka zile.

Mbolea ya kuku nilimwaga kama mtu anayelipa deni. Juu yake nikanyunyiza urea iliyobaki kwenye shamba la shemeji. Dalia zikapaa! Mwezi wa pili tangu kupanda zilikuwa zinanifika kifuani, majani manene, rangi ya kijani ya kutisha, lakini ukishika bua unasikia limejaa maji, laini, kama mtoto aliyerefuka likizo moja na miguu bado haijapata habari. Kumbe nitrojeni ikizidi ndivyo inavyofanya: inarefusha, haikomazi. Nilikuja kuambiwa pia kwamba zilipofika kimo cha futi moja ningezikata vichwa ili zitoe matawi chini, ziwe vichaka. Sasa mtu unanunua ua kwa ajili ya kichwa, halafu unakikata?

Kilichofuata anakijua kila anayeishi kando ya ziwa hili. Asubuhi maji yametulia kama uji kwenye bakuli. Jua likishaipasha nchi kavu, kuanzia mchana upepo unatoka ziwani na kupanda mlima. Usiku ziwa ndilo lenye joto, upepo unageuka, unashuka. Dalia zangu mchana zikaegemea nyumba, usiku zikaegemea ziwa, na katikati hapo mabua yakawa yanasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ikaja mvua ya kwanza ya vuli. Ua kubwa la dalia linakunywa mvua kama sponji. Asubuhi nikakuta tatu zimelala njiani, vichwa kwenye tope, kama watu waliotoka harusini wakashindwa kufika.

Wiki tatu zilikuwa zimebaki. Nikaleta mirunda na nyundo.

Kong! Jiwe. Nikasogea kidogo. Kong! Jiwe tena. Nikasogea hadi nikafika kwa vinka. Kong!

"Jirani," sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, "unachimba kisima?"

Hakuna mrunda uliozama zaidi ya urefu wa kiganja changu. Nikazifunga dalia hivyohivyo, nikaenda kulala kwa amani. Upepo ulipokuja, mirunda ilianguka kwanza, dalia zikaifuata kwa sababu zilikuwa zimefungwa kwayo.

Nyuma ya nyumba shemeji alikuwa ameacha fito za muhogo. Nyepesi, zimenyooka, urefu wa mkono na nusu. Nikaona Mungu amenijibu. Nikachomeka moja kila penye nafasi kati ya mawe, nikafunga kwa kamba ya katani, nikakaza haswa. (Kumbe ua halikazwi. Kamba inapita kama namba nane, tundu moja kwa mti, tundu moja kwa bua, ili bua lipate pa kutikisikia. Mimi nilifunga kama ng'ombe wa mnadani.) Siku ya kumi nikatoka na mswaki mdomoni, nikaona kitu kinachometa kwenye fito. Vichipukizi. Fito zote! Wiki moja baadaye muhogo ulikuwa na majani ya kupunga, na dalia iliyofungwa pembeni yake inakauka shingo. Kijiti cha kuegemea kilikuwa na afya kuliko mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoona kwenye simu wakulima wa maua ya kukata wakitandaza wavu juu ya tuta, umelala kama kitanda, mimea inapenya kwenye macho yake na kusimama yenyewe bila kijiti. Nikacheka peke yangu. Wavu? Niko Mwanza, nikose wavu?

Jirani yule wa ng'ambo ya ukuta ni mvuvi aliyestaafu. Mtaa mzima tunamwita Nahodha. Akanitolea wavu wa sangara, akaukunjua mbele yangu na kuupima kwa vidole: "Inchi sita hizi, halali kabisa. Hata afisa uvuvi akija mkaribishe chai." Wavu ulikuwa umekaa miaka stoo yake ya Mwaloni, chini ya magunia ya dagaa. Nikaufua mara mbili kwa sabuni ya unga. Ukatoka unanuka dagaa waliofuliwa.

Sasa, kwenye ile video wavu unatandazwa mimea ikiwa mifupi, kisha unapandishwa kadiri inavyokua. Mimi mimea yangu ilikuwa mirefu tayari. Nikapiga magoti nikaanza kupitisha kichwa kimoja kimoja kwenye tundu, kama unamvalisha mtoto mchanga fulana: kichwa kinakataa, unakikunja, kinatoka upande wa pili kimekasirika na petali tano pungufu. Vichwa thelathini na moja. Nilimaliza saa moja usiku. Wavu nikaufunga kwenye mirunda minne usawa wa kiuno, na safari hii mirunda sikuipigilia, niliizungushia mawe. Mawe Kitangiri hatununui.

Nikasimama barabarani kuangalia. Kwa kweli ilipendeza. Dalia zilisimama wima kama askari wa gwaride, na nyuzi huzioni mpaka ukaribie. Waliougundua wavu mapema ni paka wa mtaa mzima, ambao walikaa mstari kwenye ukingo wakinusa, na kongoti mmoja, wale wenye upara na mfuko shingoni, aliyetua juu ya paa na kukaa siku mbili akinisubiri nilete samaki.

Mpango ulikuwa kwamba siku ya mgeni nitapulizia marashi kidogo. Muda nilikuwa nao. Akili yangu ilikuwa bado inahesabu safari ya Sengerema kwa kivuko, foleni ya Busisi, kusubiri, kuvuka, kahawa. Nikasahau kabisa kwamba tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu za lami juu ya maji, gari halisimami hata kununua karanga. Mama mkwe aliondoka kwake asubuhi na saa nne alikuwa getini kwangu, mimi nikiwa na kaptula.

"Mwangaluka mayu," nikamwamkia kwa mbali, macho chini. Asiyejua ajue: kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani. Hata mkono hatupeani. Heshima ni umbali, na mimi umbali wangu ulikuwa mita tatu, kipimo kizuri kabisa. Mama Kulwa alikuwa nje anashusha mizigo kwenye teksi.

Mama mkwe akaziona dalia. Uso ukachanua, nikajua nimeshinda. Akasogea. Kisha akakunja pua.

"Baba Kulwa. Mbona maua haya yananuka dagaa?"

Dalia haina harufu ya maana. Ningemwambia tu hivyo, kwamba dalia hainuki, kinachonuka ni kingine, mambo yangeisha. Lakini nilinyamaza kwa heshima, naye akainama kuhakikisha.

Alianza kunasa hereni. Alipoinua mkono kuitoa, mkono ukapita kwenye jicho la wavu hadi kwenye kiwiko, na alipourudisha, bangili tatu zikakataa. Akageuza kichwa kuangalia kimetokea nini, ncha ya kilemba ikaingia tundu la jirani. Kote huko hakupiga kelele. Alisimama ameinama, pua kwenye dalia ya njano, akasema taratibu:

"Mkwe, umetega?"

Nikakimbilia mkasi. Nikarudi na mkasi. Nikafika kwenye mita yangu ya tatu nikasimama. Nimkate wapi? Nimshike nini? Nikapiga magoti pale, nikageuzia uso pembeni, nikaanza kutoa maelekezo nikiwa natazamana na vinka. "Mama, jaribu kushoto. Samahani mama. Kushoto kwako, siyo kwangu." Vinka zilipata kuonekana siku hiyo, angalau na mimi. Mama mkwe akavuta kushoto. Kilemba kikabaki wavuni. Dalia nne zikang'oka na fito moja ya muhogo, na paka wote wakasogea hatua moja mbele.

Kulwa alikuwa ameshakaa chini kwa kucheka. Doto, ambaye ana akili za kwao mama yake, alipanda ukutani:

"Babu Nahodha! Bibi amenasa!"

Nahodha alikuja na msuli wake, akautazama wavu kabla ya kumtazama mtu.

"Usivute, mayu. Anayevuta ndiye anayekaza. Sangara hafi kwa wavu, anafia kuvuta."

Akamrudisha mkono mbele, kule ulikokuwa unakwenda, nyuzi zikalegea. Akalishika jicho moja kwa kidole gumba na cha shahada, akalifungua kama mdomo wa mfuko, akazipitisha bangili moja, mbili, tatu. Kichwa vilevile: mbele kwanza, kisha nje. Sekunde ishirini hazikufika. Miaka arobaini ya ziwa ilikuwa kwenye vidole vile viwili.

"Kilo ngapi?" akauliza kijana wa bodaboda pale getini. Mama Kulwa, aliyekuwa ameingia na begi kichwani, alimtazama kijana yule, akanitazama mimi, na kijana akawasha pikipiki.

Mama mkwe alikaa kibarazani, akanywa soda nzima bila kusema neno. Nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza kama anaita teksi. Mwishowe nikamsikia:

"Zile zina viazi chini? Vinaliwa?"

"Sisi hatuvili, mama," Mama Kulwa akajibu. "Ni za kuangalia."

Kimya.

"Na ule muhogo?"

Kesho yake alfajiri nilimkuta bustanini na jembe, kanga kiunoni. Hakuniuliza. Dalia zilizobaki alizihamishia nyuma, kwenye kona ya lile jiwe kubwa ambalo mimi siku zote nilikuwa nalilaani, na ambalo linakinga upepo wa ziwa wote. Alizikata vichwa bila huruma. Kana akazisogeza ukutani. Vinka akazileta mbele, njiani.

"Baba Kulwa," akaniambia akiwa amegeukia jiwe, kwa heshima, "hata kwenye picha ya harusi mrefu hasimami mbele."

Muhogo hakuugusa. Uko katikati ya bustani hadi leo, umenipita kimo, unasimama wenyewe, na kila akipiga simu anauulizia kabla ya wajukuu. Tumeshachuma kisamvu mara tatu.

Wavu nilimrudishia Nahodha. Jana ameniita ukutani, amefungua kiganja: hereni moja ya dhahabu, aliikuta ameukunjua. Mama Kulwa anasema iende Sengerema na ipokelewe mkononi, tena niipeleke mimi niliyetega. Nimemuuliza mkononi mwa nani, na nitampaje kwa mita tatu.

Amesema nikatafute ndoano.