Usipige msasa mtumbwi wa zamani kabla hujausoma

Niko Maine huku Marekani mwaka wa saba sasa, mi mtoto wa Tanga, na ukishazoea huku utagundua mabanda mengi ya nyuma ya nyumba yana mtumbwi umening'inizwa juu kwenye kenchi umejaa vumbi na mavi ya panya. Kiangazi kilichopita nikanunua mmoja kwa mzee alokuwa anahama, futi 17, mbao tupu nje umevalishwa turubai. Mzee kaapa kabisa ni wa miaka ya 1890, babu yake ndo aliununua.

Nikamrushia picha mjomba Pangani, fundi wa ngalawa, akajibu kwa voisi: "Mpwa wangu, chombo gani hicho kimevalishwa shati?"

Na kweli ni shati. Mataruma, yaani mbavu zake, ya mwerezi yanapikwa kwa mvuke yanapindwa juu ya fomu, kalibu ya umbo la mtumbwi, mbao zake nyembamba balaa, milimita 4 hivi, zinapigiliwa misumari midogo ya shaba nyeupe na ncha ya msumari ikigonga utepe wa chuma ulioko kwenye fomu inajikunja yenyewe inarudi ndani ya mbao. Alafu turubai linavutwa juu ya vyote linapakwa dawa mpaka linakuwa gumu, basi, hakuna cha kalafati, kuziba nyufa kwa pamba, wala nini. Umbo lenyewe limetoka kwa wenyeji wa huku, Wapenobscot na ndugu zao, wao walitumia gome la mti, wazungu wakaweka turubai. Mjomba hakuridhika, anasema maji ya chumvi yangelila shati hilo msimu mmoja.

Sasa mi nikajifanya mjuaji. Nikamulika vile vibao vya pembetatu vya omo (mbele) na tezi (nyuma) nikaona skrubu za nyota, na skrubu za nyota zimeanza kuingia viwandani miaka ya 1930, kwenye 1936 hivi, kwahiyo nikajisemea huyu mzee kanipiga, huu hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Nilitamba wiki nzima. Ujinga mtupu, maana skrubu inakwambia fundi wa mwisho alipita lini, haikwambii chombo kilizaliwa lini! Ningetazama vizuri ningeona tundu la zamani limezibwa kijiti pembeni yake.

Maoni yangu ndo haya: stori ya mwenye mali iweke pembeni, skrubu weka pembeni, rangi ndo usiulize kabisa, tafuta namba. Old Town, kampuni ya mji unaoitwa hivohivo hapahapa Maine, walianza nyuma ya duka la vifaa la familia ya Gray mwaka 1898, na wao waligonga namba kwenye hanamu, ule mti uliopinda unaofunga omo, ndani chini kabisa pale uchafu unapojazana. Na tezi nayo ina namba ileile. Baada ya namba kuna urefu, wangu ilikuwa na 17 mwishoni.

Kuisoma ndo kazi. Nilichukua brashi laini na maji kidogo, nikazima taa nikalaza tochi ubavuni ili tarakimu zitoe kivuli, bado 3 na 8 zikawa zinafanana, nikaweka karatasi juu nikasugua na penseli, omo haikueleweka ila tezi ikasoma safi. Hapo ndo nawachukia watu wa msasa jamani. Mtu kaununua Jumamosi, Jumapili kashasugua ndani yote ung'ae, na namba imeenda na vumbi. Wa faiba nao ni walewale, wanaufunika kwa nje, maji yakiingia hayatoki, mbao zinaoza kimyakimya, na siku ukitaka kuibandua faiba inang'oka na mwerezi.

Namba nikawapelekea watu wa Wooden Canoe Heritage Association, chama cha wapenzi wa mitumbwi ya mbao, wapo tangu 1979 na kumbukumbu za kiwanda zimeskaniwa, wakanirudishia picha ya kadi yenyewe ya kiwandani ya mtumbwi wangu. Imeandikwa kwa mkono, lini umepigwa mbao, lini turubai, lini rangi, kijani, umesafirishwa Juni 1924 kwenda Ohio. Mzee kakosea, mi nimekosea, kadi imetucheka wote.

Sio kampuni zote zina raha hiyo lakini. Morris wa Veazie, jirani tu hapo, kiwanda kiliungua 1919 na kumbukumbu zake, kwahiyo unabaki na kibati kidogo cha namba upande wa omo na kubahatisha kwa kutazama maungo. Chestnut wa Fredericton kule Kanada, namba haikupi mwaka. Hao ndo unaangalia kama mdomo wa juu umefunikwa kofia ya ubao, ya zamani mingi iko hivo, au uko wazi unaona vichwa vya mataruma na ukiupindua mchanga unamwagika wenyewe. Hapo unapata makadirio tu, na mtu akikuuzia kwa mwaka kamili bila karatasi mwambie punguza bei.

Yule mzee nilimpigia nikamwambia ni 1924, tena ulianzia Ohio. Akakaa kimya, akasema, "Basi babu aliununua mtumba."