Krismasi haipakiwi kwenye buti

Kila Desemba magari ya kuelekea magharibi mwa Kenya hupita Salgaa, mbele ya Nakuru, buti zikiwa zimefungwa kwa kamba kwa sababu hazifungiki: soda, mikate, unga, na ndoo ya nyama iliyonunuliwa mjini jana jioni. Mwenye gari anaamini amebeba sherehe. Mwingi wa mzigo huo unauzwa dukani hatua chache kutoka kwa mamake, na ile nyama itakuwa imeanza kunuka kabla hajafika Chavakali, kule Vihiga. Nyama mbichi haistahimili zaidi ya saa 2 bila baridi. Safari ya Desemba ni mara tatu ya hapo. Ng'ombe huchinjwa kijijini pia.

Kwa maoni yangu, pesa zitangulie, mtu afike mapema, na kwenye buti kiingie tu kile ambacho kule ni ghali au hakipatikani.

Pesa zitumwe kabla ya tarehe 20. Mkesha wa Krismasi mawakala wa M-Pesa sokoni huishiwa na noti, kwa kuwa kila mtu anatoa na hakuna anayeweka. Ongeza ya kutolea. Na mtumie anayepika, awe mama au shemeji, si yule kaka anayesema "nitapitia sokoni" (soko analopitia mara nyingi huuza pombe ya busaa). Kuku wanunuliwe wiki moja kabla. Siku tatu za mwisho bei hupanda na majogoo wa maana wameshakwenda.

Watu wa Nakuru wana taabu yao kwenye usafiri. Matatu za kutoka Nairobi hupita zikiwa zimejaa, kwa hiyo kusimama kando ya barabara na mabegi ni kupoteza asubuhi nzima. Panda gari linaloanzia Nakuru, na ukate tiketi siku mbili mapema. Nauli hupanda kwa sababu gari linalokwenda limejaa hurudi tupu, na abiria wa kwenda hulipia njia zote mbili. Hilo halihalalishi kila bei inayotajwa stejini, lakini kubishana na konda tarehe 24 hakujawahi kushusha nauli. Kusafiri tarehe 20 hushusha. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 185. Ondoka saa 12 asubuhi, kwa sababu lori moja likikwama kwenye mteremko wa Sachangwan foleni hufika mbali, na usiku Mau Summit kuna ukungu.

Sasa buti. Viazi na kabichi nunua njiani pande za Molo, ambako ni rahisi kuliko Vihiga. Mchele nunua Ahero, unakolimwa. Muulize muuzaji kama ni wa msimu huu: mchele mpya hunywa maji kidogo, na ukiupimia vikombe 2 vya maji kwa kimoja cha mchele kama ule mkavu wa zamani, pilau inakuwa uji. Anza na kikombe kimoja na nusu, uongeze ukiona haja. Bizari nzima na iliki beba kutoka mjini; hazina uzito.

Anayefika mapema ndiye anayepata kazi, na kazi ndiyo inayomfanya kuwa mtu wa nyumbani. Anayeshuka garini tarehe 25 saa 7 mchana huletewa kiti kama mgeni. Kazi yenyewe si ndogo. Kuku akitumbukizwa kwenye maji yanayochemka kabisa na kuachwa humo, ngozi hutoka pamoja na manyoya. Epua maji, mzamishe kwa nusu dakika hivi ukimgeuza, jaribu unyoya wa bawa, ukitoka kirahisi mtoe. Kisha mbabue juu ya moto wa kuni hadi vinyoya vidogo viishe na ngozi ishike rangi. Moshi ule ndio ladha ya ingokho, kuku wa Kiluhya, wala si viungo. Jogoo wa mwaka na zaidi achemke saa 2 kwa moto mdogo. Anayeharakisha kwa moto mkubwa hukausha mchuzi, nyama ikabaki ngumu. Na firigisi isikatwekatwe: imondo, kama Waluhya wanavyoiita, ina mwenyewe mezani, na huyo mwenyewe huuliza.

Kwa watu 30 tenga kilo 6 za unga wa mahindi, na kama lita 2 za maji kwa kila kilo. Songa kwa sufuria mbili. Kilo 6 katika sufuria moja zinamshinda hata mwenye mikono ya nguvu, na katikati hubaki mabonge mabichi. Chapati kilo 2 za unga wa ngano hutoa kama 24. Donge lipumzike nusu saa likiwa limefunikwa, la sivyo chapati hurudi nyuma kila ukisukuma.

Tiketi ya kurudi ikatwe kabla ya kula, kwa sababu baada ya Krismasi nauli hupanda upande wa pili. Ukipewa kuku hai wa kurudi naye, mnyweshe maji kabla ya kuondoka, mtie kwenye katoni yenye matundu pande zote, na konda asiiweke chini ya gunia la ndizi.