Nioneshe viola kwanza

Rafiki yangu mmoja, aliyetoka Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, juzi na spika ambazo bei yake sitaitaja kwa heshima ya mkewe, amenitumia hukumu. Rekodi ya 1936 ya kundi la Busch Quartet wakipiga Opasi 131 ya Beethoven, kwarteti yake ya violini mbili, viola na chelo, ni "mbovu, kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili." Akaniambatishia nyingine mpya, safi, haina hata mkwaruzo. Nimeisikiliza. Bwana, hiyo si kwarteti. Ni violini moja inaoga kwenye mwangwi wa kanisa.

Muziki huu ni wa watu wanne, hakuna kondakta. Kwa hiyo nikipewa rekodi, nauliza kwanza: viola, yule kaka wa violini mwenye sauti nzito kidogo, iko wapi? Violini ya kwanza iko juu, haipotei. Chelo iko chini, nayo hujitetea. Viola na violini ya pili ndizo huzama katikati, na fundi mvivu huziacha zizame. Sasa Opasi 131 inaanza na fuga: violini ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha viola, kisha chelo, kila mmoja akiingia na wazo lilelile. Usipoisikia viola ikiingia umeibiwa, na mwizi umemshukuru kwa usafi wake. Kwa Busch, pamoja na samaki wote hao, naisikia. Kwenye hii safi nasikia tu ukungu ukizidi kuwa mzito.

Na huo mwangwi! Beethoven alimaliza kazi hii 1826, enzi ambayo kwarteti zilipigwa hata sebuleni mwa watu. Leo maikrofoni zinawekwa mbali, sauti inakuwa tamu, makosa yanafichika, na kazi ya mikono inafichika nayo. Mimi nataka kusikia upinde ukishika uzi. Nataka hata pumzi ya mpigaji kabla ya noti ya kwanza. Wengine huiita kasoro. Sisi tuliolelewa na taarab, udi ukimezwa na kinanda tulikuwa tunazima redio.

Haya, nakubali, shingo upande. Kazi hii ina sehemu 7 zinazopigwa bila kusimama, na upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika 4 tu, kwa hiyo ilikatwakatwa. Chelo ya Busch pia imekonda. Na maikrofoni ikikaribia mno utasikia kucha badala ya muziki. Sawa.

Kasi? Ladha yako. Ukubwa wa faili? Bando ni lako.

Ndugu yangu, zima hiyo besi. Ngoja usiku, matatu zikitulia, uvae hedifoni za kawaida, usikilize fuga hiyo tu. Ukinihesabia wapigaji wanne kwenye rekodi yako mpya, nyama choma ya Jumamosi ni juu yangu. Na ulete spika, tuone kama zinafaa kuegemezea sahani.