Wazee wetu na majaribio ya dawa: tuwakinge au tuwaingize?

Dawa nyingi anazomeza mzee wa miaka 78 kule Majengo au Kisauni zilijaribiwa kwa watu wenye umri wa wanawe. Kwa miongo mingi majaribio ya dawa yalikuwa na kikomo cha umri, na hata kikomo kilipoondolewa, masharti mengine yaliendelea kufanya kazi ileile: mshiriki asiwe na ugonjwa mwingine, asiwe anatumia dawa nyingi, asiwe na tatizo la kusahau, aweze kufika kituoni mwenyewe. Wazee wanaopita katika chujio hilo ni wazima kiasi kwamba ni nadra kuwakuta kwenye foleni ya kliniki ya presha.

Oktoba 2024 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha toleo jipya la Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti unaotumika tangu 1964. Toleo hilo linataka madhara ya kuwaacha nje watu walio katika hali ya unyonge yapimwe sambamba na madhara ya kuwaingiza. Zamani ilichukuliwa kwamba ukimwacha mzee nje umeshamkinga. Sasa anayemwacha nje naye anadaiwa sababu. Hapa Mombasa mjadala huo una uzito wake, na pande zote mbili zina la kusema.

Wanaotaka wazee wakingwe wana hoja nzito, na sitaki kuzipita mbio. Kwanza ni ridhaa. Huku kwetu mzee haendi hospitali peke yake. Hupelekwa na binti au mwana, na mara nyingi daktari humweleza mwana, mwana akaitikia, mwenye mwili amekaa pembeni. Ikiletwa fomu ya utafiti, bibi anayesoma msahafu bila kukwama huenda herufi za Kizungu hazijui, na anayezijua huenda akachoka ukurasa wa tatu. Tena kizazi kile hakikuzoea kumwambia daktari hapana. Daktari ameomba, ameomba kwa adabu, nani atamvunjia heshima? Ridhaa ya namna hiyo iko kwenye karatasi tu.

Pili ni mwili wenyewe. Figo za mzee huchuja polepole kuliko za kijana, na kipimo cha kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, kinaweza kudanganya: kwa kuwa misuli yake imepungua, namba hutoka nzuri ilhali figo zimechoka. Mwili wake una maji machache na mafuta mengi kwa kulinganisha, kwa hiyo dawa za kutuliza kama daizepamu hukaa ndani muda mrefu zaidi. Kidonge kinachompa kijana kizunguzungu cha nusu saa kinaweza kumwangusha mzee msalani akavunjika nyonga, na wengi wakishavunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Hata yale yanayojulikana tayari hayafanywi. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, lakini wapo wazee wanaokaa vibarazani macho yamefunga ukungu kwa kukosa nauli na mtu wa kuwapeleka. Vidonge vya presha hukatika zahanati, mgonjwa akaambiwa akanunue nje. Mpango wa Serikali wa Inua Jamii humpa mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na hizo ndizo za unga, za tuktuk na za dawa. Madaktari bingwa wa magonjwa ya uzeeni nchini ni wachache mno. Katika hali hiyo mtu ana haki ya kuuliza kwa nini wauguzi wachache tulio nao waondolewe kwenye huduma wakajaze madodoso. Na kuna hofu ambayo si ya kupuuzwa, kwamba watu wetu watatumiwa, matokeo yachapishwe ng'ambo, kisha dawa iliyothibitishwa ije dukani kwa bei ambayo mshiriki mwenyewe haimudu.

Mimi nayakubali haya yote, na bado naona kuwaacha nje kumewagharimu zaidi.

Chukua presha. Kwa muda mrefu madaktari hawakuwa na hakika kama ni salama kumtibu presha mtu aliyepita miaka 80. Takwimu za awali zilionyesha kwamba tiba ingepunguza kiharusi, lakini pengine ingeongeza vifo. Kwa hiyo wengi waliachwa na presha zao, kwa nia njema kabisa. Ndipo ukafanywa utafiti uitwao HYVET, wa watu 3,845 wote wenye miaka 80 au zaidi, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa kwa uchache zaidi. Matokeo yalipotoka 2008, vifo kwa jumla vilikuwa vimepungua kwa asilimia 21, na kushindwa kwa moyo kwa asilimia 64. Wazee wangapi walikwenda na kiharusi katika miaka ile ya kusubiri, wakiwa wamekingwa dhidi ya dawa ambayo ingewafaa?

Aspirini nayo ilikwenda upande mwingine. Hapa mjini kidonge kidogo cha aspirini cha "kulainisha damu" kimekuwa kama sunna kwa kila aliyepita miaka 60. Jirani humshauri jirani, na duka la dawa halikuulizi karatasi. Utafiti wa ASPREE uliwafuatilia watu 19,114 wa Australia na Marekani, karibu wote wenye miaka 70 au zaidi, ambao hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Majibu yalitoka 2018: aspirini ya kila siku haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, na waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 3.8, dhidi ya 2.8 kwa wasioimeza. (Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha damu kuganda ana hesabu nyingine, na asiache aspirini yake kwa kusoma makala haya.) Mtu wa miaka 50 angeweza kudhani kinachomfaa yeye kitamfaa baba yake. Hakuna aliyejua hadi baba alipoulizwa.

Lakini hapo upande wa pili una haki ya kunisimamisha. Hao walioulizwa si baba zetu. Katika HYVET washiriki wengi walitoka Ulaya Mashariki na China. Afrika nzima iliwakilishwa na watu 70 wa Tunisia. Utafiti wa SPRINT wa 2015, uliowafanya madaktari wengi watake namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120 hata kwa waliopita miaka 75, ulifanyika Marekani na uliwaacha nje wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi. Tena washiriki walikalishwa kimya dakika tano, mara nyingi bila mtu chumbani, kisha mashine ikapima yenyewe mara tatu. Sasa mfikirie mzee aliyetoka Likoni alfajiri, akasimama kwenye feri, akapanda matatu, akapigania nafasi ya benchi, akaitwa ndani akafungwa mkanda wa presha huku anaulizwa jina na namba ya simu. Ile 158 yake si 158 ya SPRINT. Daktari akiifuata namba hiyo na kumwongezea dawa, atakuwa ametibu safari.

Kwangu hiyo si sababu ya kuwaweka mbali na utafiti. Ni sababu ya utafiti kufanywa hapa.

Ukitaka kuona ukubwa wa jambo, omba uonyeshwe mkebe wa dawa katika nyumba yoyote yenye mzee. Mara nyingi ni mkebe wa biskuti. Nilioonyeshwa hivi karibuni huko Mji wa Kale, wa bibi aliyepita miaka 80, ulikuwa na amlodipini ya presha, hidroklorothiazidi ya kukojoza, metformini na glibenklamaidi za sukari, diklofenaki ya magoti, na piritoni "ya kumsaidia kulala". Kila kidonge kina mtu aliyekiandika na sababu yake. Hakuna aliyeviandika vyote. Ukivisoma kwa mpangilio wa tarehe unaona hadithi: amlodipini ilivimbisha miguu, jambo inalolifanya kwa wengi, miguu ikaletewa dawa ya kukojoza, dawa ya kukojoza ikamwamsha usiku, usingizi ulipokatika ikaja piritoni, ambayo kwa mzee huleta mkanganyiko na kinywa kikavu. Diklofenaki nayo hupandisha presha na kuzibana figo. Piritoni, glibenklamaidi na diklofenaki zote zimo katika orodha ya Beers, ile iliyoanzishwa Marekani 1991 kuwaonya madaktari kuhusu dawa zenye hatari kwa wazee. Orodha iko. Ila haifiki kwenye mkebe.

Tunasema hatutaki wazee wetu wafanyiwe majaribio. Ule mkebe ni jaribio. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika kilichotokea.

Na yapo maswali ambayo hakuna mgeni atakayekuja kutuulizia. Ramadhani ni moja. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanywa 2001 katika nchi 13 na kuchapishwa 2004, ulikuta kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili, sukari kushuka vibaya iliongezeka mara 7.5 katika mwezi wa mfungo. Kenya haikuwa miongoni mwa nchi hizo. Mzee wetu anafunga katika joto la mwisho wa kaskazi, anameza glibenklamaidi, ana dawa ya kukojoza juu yake, na ukimwambia asifunge anakwambia kamfungia Mola wake miaka 60, leo aache kwa kidonge? Mashekhe na madaktari wanamwambia ana ruhusa, naye hataki ruhusa. Basi atamezaje dawa zake kati ya futari na daku ili afike Idi salama? Swali hilo linastahili takwimu za watu wa hapa, wa umri wake.

La pili ni ugonjwa wa kusahau. Jirani zetu Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayezurura usiku, anayesema peke yake, asiyemtambua mkwewe, ni mtu mwepesi wa kushukiwa, ilhali hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa unaojulikana. Wagonjwa hao ndio wa kwanza kuondolewa kwenye utafiti kwa hoja ya ridhaa, kwa hiyo ndio tunaowajua kidogo zaidi. Sikubali kwamba hilo linawakinga.

Kuhusu ridhaa, pwani hii ina uzoefu wake. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, na chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani 2021, ilijaribiwa pia huko, kwa watoto wachanga wasioweza kusema ndiyo wala la. Wazazi walielezwa, jamii ikahusishwa, kazi ikafanyika. Tulipata njia kwa mtoto wa miezi sita. Kwa mtu mzima mwenye akili zake, ambaye shida yake ni herufi ndogo za fomu, tunashindwaje? Asomewe kwa Kiswahili cha nyumbani kwake, aachiwe siku mbili tatu azungumze na watu wake, kisha yeye, si mwanawe, ndiye aulizwe. Ibara ya 57 ya Katiba yetu inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na inampa pia haki ya kutunzwa na familia na Serikali. Haki hizo mbili zimeandikwa pamoja.

Ninachotaka, hata hivyo, hakianzi na dawa mpya. Dawa mpya zinaweza kusubiri. Ningeanza na kupunguza. Uingereza, utafiti wa OPTIMISE wa 2020 uliwachukua watu 569 wenye miaka 80 na zaidi waliokuwa wakitumia dawa mbili au zaidi za presha, nusu yao wakaondolewa dawa moja kwa uangalizi. Baada ya wiki 12, asilimia 86.4 yao bado namba ya juu ya presha ilikuwa chini ya 150, dhidi ya 87.7 ya walioendelea na dawa zote. Wiki 12 ni chache na hazisemi lolote kuhusu kiharusi cha mwaka wa tatu, lakini utafiti wa namna hiyo hauhitaji maabara kubwa. Unahitaji kipima presha, muuguzi mwenye subira, mtu wa kupitia mkebe, na mzee apimwe amekaa kisha amesimama. Na kinachopimwa kisiwe namba peke yake. Mzee aulizwe kama bado anajisaidia mwenyewe, kama anafika msikitini au kanisani kwa miguu yake, kama ameanguka mwezi huu.

Katika yote haya, waliosema huduma itangulie wana jambo ambalo sina jibu la kuliepuka. Zahanati ikiwa haina vidonge na utafiti unavyo, mzee ataingia kwenye utafiti kwa ajili ya vidonge, na hapo hiari imekwisha hata akielezwa kwa lugha tamu kiasi gani. Kwa hiyo sharti langu kwa yeyote atakayekuja na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, mkononi, na kwa kaunti itakayompokea, ni hili: dawa za kawaida za presha na sukari ziwepo zahanati kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa, na mzee aliyekataa kushiriki azipate dirisha lilelile, siku ileile, sawa na aliyekubali.