Kabla ya kununua boksi jipya, weka hezi 50

Picha ya mpira ikiwa inaruka-ruka kwenye boksi la Android la runinga, lawama ya kwanza huenda kwa intaneti na ya pili kwa boksi lenyewe. Muuzaji naye hakawii kukuonyesha jingine lililoandikwa 8K kwa rangi ya dhahabu. Kwa maoni yangu, mara nyingi intaneti na boksi vyote vinaonewa. Intaneti ikiwa mbovu, picha huganda, kiduara huzunguka, kisha mambo huendelea. Lakini picha inayotetemeka kwa mpigo uleule bila kuganda, hasa kamera inapoufuata mpira kutoka goli hadi goli, ina ugonjwa mwingine: video ni ya intalesi, yaani kila picha huletwa kwa nusu mbili, na mahali fulani njiani nusu ya mwendo wake imetupwa.

Katika mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Kenya, Bara na Visiwani, picha ina mistari 576 inayoonekana. Kamera haikuichukua yote kwa mpigo. Ilichukua mistari ya witiri, yaani ya 1, 3, 5 na kuendelea, na milisekunde 20 baadaye ikachukua ya shufwa. Kwa sekunde moja zinapatikana nusupicha 50. Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi miaka ya 1970 mambo yalikuwa hivyo, na chaneli za HD zinazorushwa kwa 1080i (mistari 1080 ya intalesi) ziko hivyo hadi leo. Runinga za kichogo hazikuwa na shida, maana zilichora nusupicha moja baada ya nyingine kama zilivyoletwa. Runinga bapa huwasha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo lazima kuwe na wa kujaza mistari inayokosekana. Kazi hiyo ndiyo kuondoa intalesi, na kwenye boksi hufanywa na chipu au na programu ya kuchezea video.

Watu wengi husahau kwamba zile nusu mbili si vipande viwili vya picha moja. Ni nyakati mbili tofauti. Ukizibandika pamoja wakati mchezaji anakimbia, mguu wake utaonekana mahali pawili na kingo zitaota meno kama ya chanuo. Ukiitupa nusu moja na kujaza mistari kwa kukisia, meno yataisha, ila umebaki na fremu, yaani picha kamili, 25 kwa sekunde badala ya 50. Hili ndilo kosa linalodanganya kuliko yote, kwa sababu ukisimamisha picha inaonekana safi kabisa, na kila mtu anaapa kwamba intalesi imeondolewa vizuri. Njia sahihi ni kuigeuza kila nusupicha kuwa fremu kamili, zikapatikana 50 kwa sekunde. Hata hapo kuna ufundi na kuna ubabaishaji. Njia nyepesi inayoitwa Bob hunyoosha kila nusu kivyake, kwa hiyo mistari myembamba ya kikoi au nyavu za goli hucheza juu na chini hata mtu akiwa ametulia. Njia nzuri, kama Yadif na Bwdif, huangalia pia nusupicha za kabla na za baada: palipotulia hutumia mistari halisi, palipo na mwendo hukisia.

Sasa tuseme boksi limetoa fremu 50 safi. Bado runinga inaweza kukuharibia kazi. Maboksi mengi hutoka kiwandani yakiwa kwenye hezi 60, yaani skrini huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Fremu 50 hazigawanyiki katika 60, kwa hiyo katika kila fremu tano moja huonyeshwa mara mbili. Huo ni mkwamo mara kumi kwa sekunde. Jaribio lake ni rahisi: tazama maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Yakitiririka kama maji, uko salama. Yakipita kwa kudundadunda huku herufi zikiwa safi, tatizo ni hezi. Herufi zikiwa na meno kwenye kingo za wima, intalesi haijaondolewa. Na kila herufi ikiwa na kivuli cha mwenzake, kuna mahali nusu mbili zimekorogwa pamoja.

Kwa wanaotumia Kodi, ile programu ya kuchezea video, ingia mipangilioni, chagua Player, kisha Videos, na chini kushoto badilisha ngazi iwe Expert, la sivyo nusu ya vitu hutaviona. Weka "Adjust display refresh rate" iwe "On start / stop". Nenda System, kisha Display, fungua "Whitelist" na utie tiki kwenye 1080p (mistari 1080 bila intalesi) za hezi 23.976, 24, 50, 59.94 na 60. Za 25 na 30 ziache. Boksi likidhani video ni ya fremu 25 na likaishusha runinga hadi hezi 25, utakuwa umerudi kulekule. Kisha cheza video, fungua mipangilio ya picha ikiwa inaendelea, na uangalie njia ya kuondoa intalesi. "Deinterlace" yenyewe hutoa 50; ile yenye neno "half" hutoa 25. Kama kuna kibodi, bonyeza herufi O usome ni nani anafungua video na ni njia gani inatumika. Usikisie kitu unachoweza kukisoma.

Kwenye VLC ya kompyuta, chagua "Yadif (2x)". Yadif bila hiyo 2x inaishia 25. Kwenye Jellyfin, programu ya seva ya video za nyumbani, sehemu ya transcoding (kugeuza video) kwenye dashibodi ina kisanduku cha kuongeza fremu maradufu wakati wa kuondoa intalesi. Bila tiki hapo, seva hukuletea 25 hata boksi lako liwe la bei gani.

Programu za chaneli za mtandaoni mara nyingi hazibadilishi hezi zenyewe. Hapo sioni haja ya ujanja: kabla ya mechi, ingia mipangilio ya Android, sehemu ya skrini, uweke 1080p hezi 50 kwa mkono. Filamu za fremu 24 zitakwaruza kidogo mara mbili kwa sekunde, lakini siku ya mpira nani anatazama filamu?

Upande wa chipu ndiko pesa hupotea. Kwenye Android, Kodi ikitumia "MediaCodec (Surface)", video huenda moja kwa moja kutoka kwenye chipu hadi kwenye skrini, na Kodi haina la kusema kuhusu intalesi. Dereva, yaani programu inayoiendesha chipu, ikiwa nzuri, raha. Ikiwa mbovu, meno hayatoki hata ubonyeze nini, kwa kuwa menyu ya kuondoa intalesi haigusi njia hiyo. Zima hardware acceleration (kufungua video kwa chipu) ujaribu. Video za 576i zitakwenda vizuri kwa nguvu ya prosesa pekee hata kwenye boksi dhaifu, ila 1080i ya H.264 (njia ya kubana video, kama zilivyo MPEG-2 na HEVC) inaweza kulichosha na sauti ikaachana na picha. Kwa maboksi yenye chipu za Amlogic, CoreELEC, mfumo mwepesi wa kuendesha Kodi, hutumia kiondoa intalesi kilichomo ndani ya chipu, na ndiyo njia ninayoiamini kwa boksi la kawaida. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 hufungua H.264 kwa chipu lakini MPEG-2 kwa prosesa. Raspberry Pi 5 imeachana na chipu ya H.264 kabisa, ikabakiza ya HEVC. Kwa hiyo toleo jipya halimaanishi njia rahisi zaidi. Ile 8K ya kwenye katoni haikuambii lolote kuhusu mistari ya witiri na shufwa.

Kanda za harusi na za taarab zinahitaji sheria nyingine. Kwa matangazo ya moja kwa moja, acha boksi lifanye kazi. Kwa faili zako mwenyewe, ondoa intalesi mara moja kwenye kompyuta, uhifadhi pia faili la asili. Anza kwa kulichunguza kwa programu ya ffmpeg, ukiandika amri hii:

ffmpeg -i harusi.vob -vf idet -frames:v 1000 -an -f null -

Mwishoni soma mstari wa "Multi frame detection". TFF zikiwa nyingi, mistari ya juu ndiyo inayotangulia. BFF zikiwa nyingi, ya chini. Progressive zikiwa nyingi, usiondoe chochote, utaharibu bure. Chagua kipande chenye watu wanaocheza, si cha maharusi wamekaa kimya, kwa sababu pasipo mwendo nusu mbili zinafanana. Kisha:

ffmpeg -i harusi.vob -vf bwdif=mode=send_field:parity=auto:deint=all -c:v libx264 -preset slow -crf 17 -c:a aac -b:a 192k harusi50.mp4

Watu wakionekana kusonga mbele na kurudi nyuma kidogo kama wanasitasita, mpangilio wa nusupicha umegeuzwa. Badala ya auto andika tff au bff kulingana na idet ilivyosema. Kamera za DV (za kanda ndogo za dijitali) za PAL huanza na mistari ya chini na DVD nyingi huanza na ya juu, kwa hiyo kosa hili hujitokeza sana DV inapohamishiwa kwenye DVD. Ile mistari michafu chini ya picha ya VHS ikate baada ya bwdif, si kabla.

Ukitaka kuipandisha YouTube, ongeza ukubwa baada ya kuondoa intalesi, kwa mfano 1440 kwa 1080 kwa picha ya zamani ya 4:3. YouTube huonyesha fremu 50 kuanzia 720p tu. Ukipandisha 576 yenyewe utakatiwa mwendo nusu.

Yapo mafaili yasiyoponyeka. Vile viboksi vya bei rahisi vya kugeuza AV kuwa HDMI hutoa 720p au 1080p ya hezi 60, vikikoroga nusupicha za PAL njiani. Kuna pia wanaokuza picha kutoka 576 hadi 720 kabla ya kuondoa intalesi, na mistari ya witiri na shufwa ikishachanganywa hivyo hakuna programu ya kuitenganisha. Dalili yake ni meno manene yenye ukungu, yasiyo na upana wa mstari mmoja. Faili la namna hiyo usilipotezee usiku. Itafute kanda yenyewe, uirekodi upya kwa 720 kwa 576, fremu 25, intalesi ikiwa haijaguswa.