Nywila ya ofisi nzima haiwekwi kwenye fstab

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya uhasibu, folda za seva zimegoma kufunguka kwenye kompyuta za Linux. Nikafungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski na folda za kuunganishwa kompyuta inapowaka. Kwenye mstari wa folda ya mishahara nikakuta password= na nywila yenyewe, peupe. Faili hilo kwa kawaida linasomwa na yeyote mwenye akaunti kwenye mashine. Mwanafunzi wa mafunzo kazini akiandika cat /etc/fstab, kwisha kazi.

Hasira hazijaniisha. Najua utetezi: ni haraka na inafanya kazi. Kuihamishia kwenye faili la pembeni kwa credentials= na kulifunga kwa chmod 600, lisomwe na mwenye faili tu, ni afadhali, sawa. Lakini kwa seva, watumishi wote bado ni mtu mmoja. Jedwali la mishahara likifutwa, logi za Samba, programu inayogawa folda za seva, zitataja jina lilelile, awe kafuta mkurugenzi au karani. Utamuuliza nani? Atakayebebeshwa ni yule asiye na wa kumtetea, na nimeshaona mtu akipoteza kazi hivyo.

Dawa ni pam_mount, programu inayounganisha folda mtu anapoingia kwenye kompyuta, na ipo miaka mingi. Ilimradi nywila ya kompyuta na ya seva ni moja, mtu akiingia kwa nywila yake folda zake zinaunganishwa papo hapo, akitoka zinaondolewa. Maelezo ya folda za wote msimamizi anayaandika kwenye /etc/security/pam_mount.conf.xml: fstype="cifs" (aina ya folda za mtandao), seva, njia, na %(USER) panapokaa jina. Mstari mmoja unawatosha wote, na kila mmoja anaonekana kwa jina lake.

Maelezo ya folda za mtu binafsi yanakaa kwenye ~/.pam_mount.conf.xml, na humo kinachokubaliwa ni <volume> tu, yaani mstari unaotaja folda ya kuunganisha. Mlango huu huja umefungwa. Unafunguliwa kwa mstari wa luserconf kwenye faili la msimamizi. Wasimamizi wanauogopa, na hofu yao ina msingi: mtu anaweza kuunganisha diski yenye programu ya setuid, inayoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, akajipa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya mntoptions require="nosuid,nodev". Hakikisha mstari huo upo, kisha fungua. Mhasibu anayehitaji folda ya mradi wake asimsubiri fundi siku nzima.

Na wanaoandika vers=1.0, toleo la kale la SMB, itifaki ya folda hizi, hata baada ya kirusi cha WannaCry cha 2017 kilichoenea kupitia toleo hilo, wakome.

Kama ofisi yako ina nywila kwenye fstab, ibadilishe leo kabla hujagusa pam_mount. Ihesabu kuwa imeshasomwa.